Saa Moja ya Kukata Chuma kwa Maji

Gesi na plasma hukata chuma vizuri, lakini zote mbili zina moto, na moto huacha madhara. Bamba gumu la kustahimili msuguano hupoteza ugumu wake ukingoni, na mpira wa mkanda wa kubebea mawe huungua. Katika mji wa migodi kama Fungurume, mkoani Lualaba nchini Kongo (DRC), ambako mgodi wa Tenke Fungurume ulianza kutoa shaba mwaka 2009, vifaa vya aina hiyo havikosekani. Ndiyo maana mwenye karakana huitamani mashine ya kukata kwa maji. Kabla ya kuinunua, ajue saa moja itamla kiasi gani.

Pampu hubana maji hadi bar 4,000 hivi. Tairi la gari dogo hupata kama 2 tu. Maji hupenya kwenye kitundu cha yakuti au almasi, chembamba kuliko nusu milimita, yakivuta mchanga wa ganeti, na mchanga huo ndio unaokata. Aliyeongoza ubunifu wa kuchanganya mchanga na maji ni mhandisi Mohamed Hashish, mzaliwa wa Misri, alipokuwa akifanya kazi Marekani.

Mchanga huo ndio mlaji mkubwa. Kwa gramu 400 kila dakika, saa moja humaliza kilo 24. Nao hutoka mbali, Australia au India kwa mfano. Ukishushwa Dar es Salaam, hupita Tunduma, huvuka Zambia na kungoja zamu Kasumbalesa kabla ya kupita Likasi hadi Fungurume. Kwa hiyo bei ya kuhesabia ni ya mfuko uliokwisha kushushwa Fungurume, ushuru na lori vikiwemo. Tuseme kilo imefika kwa dola 1: saa imekula dola 24 kabla ya kitu kingine chochote.

Umeme unafuata. Pampu ya kawaida huhitaji kilowati 37. Lualaba ina mabwawa ya Nzilo na Nseke, na tangu 1982 kuna laini ya umeme kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, lakini migodi nayo ina kiu kubwa na umeme hukatika. Jenereta ikiwashwa, pampu hiyo hiyo hunywa takriban lita 10 za dizeli kwa saa. Anayekadiria kwa bei ya SNEL, shirika la umeme la taifa, peke yake anajidanganya.

Maji yenyewe, lita 3 au 4 kwa dakika, ni ya bei ndogo. Tatizo ni chokaa. Miamba ya Fungurume ina dolomiti nyingi, na maji ya kisima kwenye miamba hiyo huwa magumu. Yasipolainishwa huharibu kitundu na sili za pampu mapema. Bomba la kuchanganyia huchakaa pia, mara nyingi kabla ya saa 100. Gawanya bei yake kwa saa ulizoziandika wewe mwenyewe, si zile za kwenye tangazo.

Halafu kuna bei ya mashine, inayosahaulika kuliko yote. Chukua mfano wa dola 120,000 kwa miaka 10, yaani 12,000 kwa mwaka. Ikikata saa 2,000 kwa mwaka, kila saa inabeba dola 6. Ikikata 400 tu, kila saa inabeba 30, zaidi ya mchanga wote. Pampu nyingi huja na mita ya saa: isomwe kila mwisho wa mwezi, kisha ilinganishwe na saa walizotozwa wateja.