Jinsi ya Kutambua Mifupa Iliyogeuka Mawe

Siku moja, nilipokuwa karani katika ofisi ya wilaya upande wa kusini, alifika mzee mmoja aliyekuwa amekwenda kwa miguu siku mbili. Alifungua kitambaa akatoa jiwe la mviringo, ukubwa wake kama nazi iliyofuliwa, naye aliamini ya kuwa ni yai la mnyama wa kale. Lilikuwa jiwe tu. Lakini kiunoni mwake alikuwa na kipande kingine cha rangi ya kahawia, alichokitumia kunolea kisu. Nilikitazama kwa jicho moja, nikamwaga kwa heshima. Alipokwisha kwenda ndipo nilipokumbuka vitundu vidogo vidogo nilivyoviona penye ncha yake iliyovunjika, nikafahamu ya kuwa huenda nimekidharau kilichokuwa na thamani. Nilimpeleka tarishi kumwuliza, akajibu ya kuwa kipande kimeanguka njiani, wala hakumbuki alikokiokota hapo kwanza. Basi kwa kuwa kosa lile lilikuwa langu, si la mzee yule, nimeona yafaa niwaeleze wasomaji mambo ambayo ningaliyajua siku ile.

Mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa ardhini huitwa visukuku. Mnyama afapo, kwa kawaida nyama yake huliwa na fisi na tai, na mifupa yake huvunjwa na jua na mvua hata ikatoweka. Lakini pengine mzoga hufunikwa upesi na matope ya mto au ziwa, au na majivu ya mlima wa moto. Hapo nyama huoza, mifupa ikabaki. Maji yapitayo katika udongo huchukua madini yaliyoyeyuka, nayo madini hayo huingia katika vitundu vya mfupa, yakajaa na kuganda. Baada ya maelfu na maelfu ya miaka mfupa huwa mzito kama jiwe, lakini umbo lake lingali lile lile. Kadhalika nyayo, magamba ya konokono na majani huweza kuacha alama. Huko Laetoli, katika Tanzania ya kaskazini, ziligunduliwa mwaka 1978 nyayo za viumbe wa jamii ya wanadamu waliopita juu ya majivu mabichi ya mlima wa moto, zaidi ya miaka 3,500,000 iliyopita.

Tena asidhani mtu ya kuwa mambo haya ni ya nchi za mbali tu. Katika kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi, mhandisi Mjerumani Bernhard Wilhelm Sattler aliona mwaka 1906 mifupa mikubwa ikitokeza ardhini. Toka mwaka 1909 hata 1913 wataalamu wa Berlin walichimba huko, lakini waliofukua hasa walikuwa mamia ya wenyeji, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliichukua mifupa ile vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hata Lindi, jumla yake zaidi ya tani 200. Mmoja katika wanyama wale, aliyeishi yapata miaka 150,000,000 iliyopita, alisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, na urefu wake kwenda juu wapita meta 13.

Sasa, mtu aokotapo jiwe la ajabu, atajuaje kama ni kisukuku? Na afuate mambo haya kwa taratibu.

Kwanza, atazame mahali lilipotoka. Visukuku hupatikana hasa katika mawe ya matabaka, yaani yale yaliyofanyika kwa mchanga, udongo au chokaa kulaliana tabaka juu ya tabaka. Na pia katika majivu ya milima ya moto yaliyoganda. Mawe kama yale makubwa ya Mwanza, yaliyofanyika kwa kupoa kitu kilichoyeyuka kwa moto chini ya ardhi, hayana visukuku. Lakini jiwe lililookotwa mtoni huenda limechukuliwa na maji kutoka mbali, basi lisihukumiwe kwa mahali pekee.

Pili, asidanganyike kwa umbo la nje. Hili ndilo kosa la wengi. Maji na upepo huchonga mawe yakawa kama yai, kama kobe, hata kama mguu wa mtu. Tena kuna mabonge ya mviringo yanayofanyika ndani ya udongo, madini yakijikusanya kuzunguka kitu kidogo. Jiwe la yule mzee lilikuwa bonge la namna hii. Mara chache katikati ya bonge huwamo kisukuku kweli, lakini mviringo wake peke yake si ushahidi.

Tatu, atazame umbile la ndani, penye sehemu iliyokwisha vunjika. Mchukue mfupa wa ng'ombe uliokatwa, mwuangalie: nje ni mgumu na laini, ndani una vitundu vingi kama sifongo. Mfupa uliogeuka jiwe mara nyingi huonyesha tofauti hiyo hiyo, ganda la nje na vitundu ndani, hata kama vitundu vimejaa madini ya rangi nyingine. Jiwe la kawaida huwa la namna moja kote, au lina chembe zisizo na utaratibu. Mawe mengine ya milima ya moto yana vitundu pia, lakini yametawanyika ovyo, wala hayana ganda la nje kama la mfupa.

Nne, atafute utaratibu unaojirudia. Kiumbe hai hukua kwa mpango: gamba lina mistari iliyopangwa, jani lina mshipa wa katikati na matawi yake, jino lina taji na mzizi. Jihadharini na alama nyeusi mfano wa majani madogo, zionekanazo katika nyufa za mawe. Hizo si mimea, ni madini yaliyopenya ufa yakatambaa. Ukizitazama vizuri hutaona mshipa wa kati wala kikonyo.

Tano, apime uzito na rangi. Mfupa wa kale uliojaa madini huwa mzito kuliko mfupa mpya wa ukubwa ule ule, na rangi yake mara nyingi hutofautiana na mwamba ulioushika. Wataalamu wengine hugusa kwa ncha ya ulimi, maana mfupa wenye vitundu hunata. Lakini udongo mkavu nao hunata, basi jambo hilo halitoshi, tena uchafu huweza kuleta ugonjwa. Wala usiuchome moto kwa kujaribu, maana utauharibu.

Wasomaji wa pwani wana shule iliyo karibu. Kuta za nyumba za kale za Mombasa na Unguja, na magofu ya Kilwa Kisiwani, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na mengi ya mawe hayo ni visukuku vya viumbe wa bahari. Tazameni penye lipu iliyobanduka, mtaona vinyota na vijitundu vimepangwa safu kwa safu. Jicho lililozoea kuona mpango ule halitadanganywa upesi na jiwe tupu.

Mwisho, mtu akiona kitu anachodhani ni kisukuku, asikichimbue wala kukivunja wala kukiuza. Mfupa uliotolewa mahali pake umepoteza nusu ya habari zake, maana tabaka ulimolala ndilo lionyeshalo umri wake na viumbe vilivyoishi nao. Aweke alama ya mawe karibu, aandike jina la mahali, mto au kilima kilicho jirani, na tarehe, kisha apeleke habari kwa mkuu wa serikali aliye karibu au kwa watu wa makumbusho. Katika Tanzania Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda vitu hivi, na katika Kenya iko sheria ya mwaka 2006.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kipande cha yule mzee kilipotea hivyo hivyo, naye aliyekuwa na daftari mezani nilikuwa mimi. Basi akija mtu kwako na jiwe kitambaani, usicheke. Mtazamie jiwe lake kwa makini, kisha mwulize swali la kwanza: baba, umeliokota wapi?