DRAKULA KWENYE KATUNI, MUMIANI MTAANI!

KAMA bado unadhani katuni ni mambo ya watoto wa chekechea, basi gari limekuacha stendi. Wiki hii kaa mkao wa kula, maana tunazungumzia Castlevania, katuni yenye damu kuliko mabucha ya Kiboriloni wiki ya Krismasi, Wachagga wote wakiwa wamerudi nyumbani!

Wazee wa gemu wanaijua kitambo. Konami ya Japani ilitoa gemu la kwanza mwaka 1986: jamaa na mjeledi wake, ngome ya Drakula, popo kila kona. Netflix wakaligeuza katuni Julai 2017, wakifuata kisa cha gemu la tatu, la 1989. Walianza na vipande vinne tu, kiaina kama wanaonjesha, lakini hadi Mei 2021 vilikuwa vimefika 32.

Sasa sikia kisa. Lisa, binti wa kijijini, anabisha hodi ngomeni kwa Drakula. Hakuja kuomba pesa wala ndoa, anataka kujifunza tiba. Mzee wa meno anampenda, wanaoana, wanapata mtoto wa kiume. Lisa anarudi kwa watu kutibu wagonjwa. Mwaka 1475 wakubwa wa kanisa wanaingia kwake, wanakuta chupa na vyombo vya maabara. Basi, mchawi huyo! Wanamchoma moto hadharani. Drakula alikuwa safarini. Anaporudi anawapa watu wa Wallachia mwaka mmoja wahame, kisha anawamwagia majeshi ya mashetani. Wa kumzuia ni watatu: Trevor Belmont, mlevi mwenye mjeledi, Sypha, dada wa kurusha moto na barafu, na Alucard, mtoto wa Drakula mwenyewe. Hilo jina hebu lisome kinyumenyume.

Mimi kilichonibana si meno. Ni ule umati. Maana kisa cha Lisa, msomaji wangu, tunacho hapa hapa kwetu.

Mtajie bibi yako wa Marangu au Kibosho mnyonya damu, hatamkumbuka Drakula. Atakwambia mumiani. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, lilikuwa jina la dawa nyeusi kama gundi ya kutibia mifupa iliyovunjika, na lina ukoo mmoja na lile Wazungu wanaloitia maiti zilizokaushwa za Misri. Watu wakaamini dawa hiyo ni damu ya binadamu iliyoganda. Kamusi ya Johnson ya 1939 inaeleza kuwa uvumi wa mumiani ukizuka, jua likizama watu mjini hawatoki nje. Enzi za mkoloni kule Kenya na Uganda waliosingiziwa kunyonya damu ni wazimamoto, na magari yao mekundu!

Unacheka? Tarehe 1 Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Watu watatu wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo Selian cha Arusha, jirani zetu kabisa sisi wa Moshi, walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Udongo, si damu. Zikapigwa kelele kwamba ni mumiani. Wakauawa na kuchomwa moto, watafiti wawili na dereva wao. Lisa wa kwenye katuni alikuwa na Drakula wa kumlipizia. Hawa waliwaachia ndugu zao msiba tu.

Na Moshi ndiko kiliko kituo cha damu salama cha Kanda ya Kaskazini. Ukichangia unatoa kama mililita 450, unakunywa soda, unaondoka zako. Lakini nina mshikaji pale Pasua, kamaliza vipande vyote 32 usiku, taa zimezimwa, ila akiona watu wa damu salama wamepanga vitanda vyao anavuka barabara. "Zinakwenda wapi hizo?" ndilo swali lake.

Kuhusu kinga, vitunguu saumu waachie Wazungu. Sisi wa mlimani tuna isale, jani la kuombea msamaha. Cha ajabu, wataalamu wa mimea wanaliita Dracaena, neno la Kigiriki la joka jike, na jina la Drakula nalo limetokana na joka la Kirumania! Haya, nani alipanga hayo?

Ukimaliza hiyo, ipo Nocturne, iliyotoka 2023 na kuendelea 2025. Ni Ufaransa ya mapinduzi, mwaka 1792. Humo kuna Annette, dada aliyetoroka utumwa Saint-Domingue, Haiti ya leo, na sauti yake ni ya Thuso Mbedu wa Afrika Kusini. Mnyonya damu wa kwanza kumtesa ni bwana wa shamba, na makabaila wa Ufaransa nao wamo kwenye mkumbo. Waliosoma siasa enzi za Ujamaa, wakafundishwa habari za kupe na wanyonyaji, wataidaka haraka kuliko sisi. Ila watoto walale kwanza.