Neno la Mvuvi Hufikaje Bungeni?

Katika vijiji vya pwani na vya maziwa swali hili huulizwa mara nyingi: "Mbunge wetu tumemsikia redioni. Amewatetea wavuvi kwa nguvu, hata wenzake wakagonga meza. Mbona baada ya wiki moja nyavu zetu zikachukuliwa vilevile?"

Swali hili ni zuri, na jibu lake si kwamba mbunge ni mwongo. Jibu ni kwamba mambo ya uvuvi yameandikwa katika karatasi zaidi ya moja, na kila karatasi ina mwenyewe. Ukimlilia mwenye karatasi hii juu ya neno lililoandikwa katika karatasi ile, utachoka bure. Kwa hiyo leo tutaeleza karatasi hizo ni zipi, na ni nani awezaye kuzibadili.

Tuanze na kisa cha kweli. Mwezi Juni mwaka 2018 maofisa wa uvuvi waliingia katika mgahawa wa Bunge mjini Dodoma, rula mkononi. Wakapima samaki walioandaliwa kwa chakula, wengine wakiwa wamekwisha pikwa. Baadhi ya samaki wakaonekana ni wafupi kuliko kipimo. Mgahawa ukatozwa faini ya shilingi 300,000. Wabunge wengine walikasirika, na jambo lile likaingia hadi ndani ya ukumbi, wakaitaka Serikali ijieleze. Tunadhani mvuvi aliyekwisha pimiwa samaki wake mwaloni alicheka kidogo aliposikia habari ile. Siku ile na wakubwa walionja rula.

Lakini ndugu msomaji, kisa hiki kina somo ndani yake. Rula ile ilitoka wapi?

Sheria na kanuni

Karatasi ya kwanza ni Sheria ya Uvuvi, Namba 22 ya mwaka 2003. Iliondoa sheria ya zamani ya mwaka 1970. Hii ilitungwa na Bunge lenyewe. Sheria haizaliwi kwa siku moja. Kwanza huwa muswada. Muswada husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati ya wabunge. Hapo kwenye kamati ndipo watu wa nje wanaweza kuitwa watoe maoni: wavuvi, wenye viwanda, wataalamu, hata mtu ye yote mwenye neno. Halafu muswada hurudi ukumbini, husomwa mara ya pili na kujadiliwa, hupitiwa kifungu kwa kifungu, husomwa mara ya tatu, na mwisho Rais hutia saini. Bila saini hiyo si sheria.

Sheria husema mambo makubwa: nani atoe leseni, ofisa ana mamlaka gani ya kupekua na kukamata, adhabu ni zipi. Lakini sentimita haimo humo. Sentimita na nchi za macho ya nyavu zimo katika karatasi ya pili, yaani Kanuni za Uvuvi. Kanuni za mwaka 2009 ndizo zilizosema sangara asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50, na sato chini ya sentimita 25. Humo pia ndimo mlimokatazwa makokoro, nyavu za timba, na mengineyo ambayo kila mvuvi anayajua kwa majina yake.

Basi nani hutunga kanuni? Si Bunge. Ni Waziri. Bunge, katika sheria ile ya 2003, limempa Waziri ruhusa ya kutunga kanuni, naye akizitunga huzitangaza katika Gazeti la Serikali. Hazipiti njia ile ndefu ya muswada. Kwa hiyo zinaweza kubadilishwa upesi, kwa saini ya mtu mmoja. Hilo lina uzuri wake, maana hali ya ziwa hubadilika. Lina ubaya wake pia, maana mvuvi anaweza kulala na wavu halali akaamka nao haramu.

Je, Bunge halina la kusema tena? Linalo. Kanuni zikishatangazwa lazima ziwekwe mezani Bungeni. Iko kamati ya wabunge inayoitwa Kamati ya Sheria Ndogo, ambayo kazi yake ni kuzisoma karatasi za namna hiyo na kuona kama Waziri amevuka mipaka aliyopewa. Bunge likiona kanuni haifai linaweza kuazimia iondolewe. Wengi wetu tunalitazama jukwaa la ukumbini tu, ambako kuna kelele na redio. Kamati hii tunaisahau, na kwa maoni yetu ndiyo iliyo karibu zaidi na wavu wa mvuvi.

Ziwa si letu peke yetu

Hata Waziri naye hana uhuru wote. Ziwa Viktoria tunalo sisi, Uganda na Kenya. Mwaka 1994 nchi hizi tatu zilitia saini mkataba mjini Kisumu, wakaunda chombo cha pamoja cha uvuvi wa ziwa hilo, chenye makao yake Jinja, Uganda. Sangara hajui mpaka. Akiachwa akue upande wa Musoma akavuliwa mtoto upande wa pili, faida iko wapi? Ndiyo sababu vipimo vikubwa huzungumzwa na nchi zote.

Ziwa Tanganyika ni vivyo hivyo. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, upande wetu wa ziwa ulifungwa, watu wasivue, ili samaki wazaliane. Hayo yalitokana na makubaliano ya nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Miezi mitatu bila kuvua ni miezi mirefu kwa mtu asiye na shamba. Mbunge wa Kigoma au Rukwa anaweza kudai wananchi wake wapewe kazi nyingine au mikopo wakati wa kufunga, na hilo ni dai la haki. Lakini kufuta kufunga kwenyewe si neno la mbunge mmoja, wala la Bunge moja.

Na ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasije wakapanda boti bure. Uvuvi wa kawaida wa Zanzibar una sheria yake, ya mwaka 2010, na mahali pake pa kusemea ni Baraza la Wawakilishi. Uvuvi wa bahari kuu, ule wa meli kubwa, ndio wa pande zote mbili. Huo Bunge liliutungia sheria mpya mwaka 2020.

Kushika shilingi

Sasa mbunge anaweza kufanya nini? Anaweza kuuliza swali. Swali hupelekwa kwa maandishi mapema, Serikali hujibu mbele ya Bunge, na aliyeuliza hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. Hapo msikilize kwa makini. Jibu la "Serikali imelipokea na inalifanyia kazi" si jibu. Mbunge hodari hutumia yale maswali mawili kumbana Waziri ataje mwezi na mwaka.

Silaha kubwa zaidi hutoka wakati wa bajeti. Mkutano wa bajeti huanza mwezi Aprili na kwenda mpaka Juni. Kila wizara huomba fedha zake, na fedha zikipitishwa fungu kwa fungu, mbunge anaweza kusimama kwenye mshahara wa Waziri akasema: nisipopata maelezo ya kutosha nitashika shilingi. Maana yake anapendekeza mshahara wa Waziri upungue kwa shilingi moja. Shilingi moja! Hainunui hata dagaa mmoja. Lakini Waziri lazima ajieleze, na asiporidhisha, wabunge wengine husimama kuunga mkono na hoja hujadiliwa mbele ya nchi nzima. Mara nyingi mwisho wake mbunge huirudisha shilingi. Kabla ya kuirudisha, mjanja huwa amekwisha pata ahadi iliyoandikwa katika kumbukumbu za Bunge, zile ziitwazo Hansadi.

Mwaka 2018 mambo haya yalionekana wazi. Kuanzia mwezi Januari Serikali ilifanya operesheni kubwa Ziwa Viktoria, ikaitwa Operesheni Sangara. Nyavu nyingi zilichomwa moto na faini kubwa zikatozwa. Wakati wa bajeti wabunge wa Kanda ya Ziwa walipaza sauti: watu wamefilisika, faini zimezidi, na nyavu hizi ziliuzwa madukani mchana kweupe. Serikali nayo ikasema: sangara wanakwisha, wanavuliwa wakiwa watoto, na viwanda havina samaki. Sisi tunaona pande zote mbili zilikuwa na ukweli. Sangara jike huchelewa kupevuka kuliko dume, na ukimvua mapema umevua na mayai ambayo hakuwahi kuyataga. Lakini ni kweli pia kwamba mwenye duka aliyeuza wavu haramu ana kosa kama mvuvi, na mvuvi ni rahisi kumwona kwa sababu yuko majini.

Mambo yasiyo ya Bunge

Mama anayeanika dagaa akiona ushuru wa mwaloni umepanda, asingoje Bunge. Ushuru huo ni karatasi ya tatu, sheria ndogo ya halmashauri ya wilaya, na mlango wake ni diwani. Ni kweli mbunge naye ni mjumbe wa halmashauri, lakini diwani ndiye jirani. Na kijiji chenyewe kina uwezo wa kutunga sheria ndogo zake, zikapelekwa wilayani zikubaliwe. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mtu mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, na unatakiwa kuitwa kila baada ya miezi mitatu. Kama hauitwi, hilo ndilo lalamiko la kwanza, kabla ya nyavu.

Tukirudi kwa mbunge, tunataka kusema neno juu ya barua. Ninyi mmejifunza kuandika, nayo kalamu ina kazi. Mtu akiandika "Mheshimiwa, wavuvi tunateseka sana, tusaidie," mbunge atasikitika, lakini ataulizaje swali kwa maneno hayo? Sasa tazameni mfano mwingine: "Mheshimiwa, tarehe fulani katika mwalo wetu nyavu 14 zilichukuliwa. Nyavu 9 zilikuwa na macho ya kipimo kilichoruhusiwa, na risiti za dukani tunazo. Hatukupewa hati yo yote ya kuchukuliwa mali. Zilichomwa siku ileile. Je, nani aliyeamuru zichomwe, ofisa au mahakama? Na ni kanuni ipi inayoruhusu?" Barua ya pili ina tarehe, ina hesabu, ina ushahidi, na mwisho ina swali. Mbunge anaweza kuisoma kama ilivyo.

Barua hiyo iandikwe na kamati ya BMU au serikali ya kijiji, isainiwe, nakala ibaki kijijini. Ipelekwe kabla ya Aprili. Ikifika Juni, bajeti imekwisha kupita na shilingi imekwisha kurudi.

Jambo moja zaidi. Kwa miaka mingi wabunge walijadili kwa Kiswahili lakini muswada wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Kwa hiyo mkienda kwa ofisa uvuvi wa wilaya, ombeni kuonyeshwa kanuni iliyoandikwa kwa Kiswahili, ukurasa wenye kipimo cha wavu wenu, na mnakili namba yake ya Gazeti la Serikali katika daftari la BMU.