Wajibu wa Wazee na Wanafunzi wa Kiuyu

Kwa masheha, walimu na wazee.

Tarehe 23 Septemba 1964 Rais Abeid Amani Karume alitangaza kuwa elimu katika Unguja na Pemba itatolewa bure, bila ya kubagua mtu. Mlango ulifunguliwa, lakini kumfikisha mtoto mlangoni ni kazi ya mzee wake.

Kiuyu kazi ni nyingi. Msimu wa karafuu ukiwadia, mikono ya watoto hutakiwa mashambani. Wavuvi wakienda dago, mvulana humfuata baba yake. Mama akiwa pwani, msichana huachiwa mdogo wake. Mzee husema, "Ni siku chache tu." Yafaa tujue madhara ya siku hizo chache. Hesabu ni kama ukuta: somo la leo hukaa juu ya la jana. Asiyejua kujumlisha hawezi kuzidisha. Akirejea darasani huona wenziwe wamempita, huona haya, hunyamaza, na mwisho huacha kabisa.

Kwa hiyo yatakiwayo ni haya. Mwanafunzi afike mapema, safi, na vitabu vyake. Saa za chuo cha Kurani na za skuli zipangwe zisigongane. Mtoto akiugua, mwalimu apelekewe habari siku ile ile. Mzee aende skuli kuuliza maendeleo, asingoje kuitwa. Na mwalimu amfundishe aliyekosa yale yaliyompita, wala asimdhihaki.

Mkarafuu utazaa tena msimu mwingine. Umri wa kusoma haurudi.