Mazoezi ya Mguu Mmoja

Huwa twawashangilia wakimbiaji siku ya mashindano, wala hatuulizi habari za mazoezi. Terry Fox wa Kanada alikatwa mguu mwaka 1977 kwa kansa ya mfupa, akiwa na miaka 18. Kwa mguu wa bandia alijizoeza miezi mingi, jumla zaidi ya kilometa 5,000, hata kigutu kikatoka damu. (Sisi wenye miguu miwili twalalamikia kilima cha kanisani!) Hakutafuta kikombe, bali fedha za utafiti wa kansa. Aprili 1980 alianza kuivuka Kanada kutoka mashariki, karibu marathoni nzima kila siku. Septemba kansa ikaonekana mapafuni, akasimama. Alifariki Juni 1981, michango ikiwa imekwisha kupita dola milioni 24, kama dola moja kwa kila Mkanada.