Mota katika Baiskeli za Galu: Ufungaji Wake na Malalamiko ya Wateja

Wazo la kutia mota katika gurudumu la baiskeli ni la zamani, kwani hataza aliyopewa Ogden Bolton nchini Marekani tarehe 31 Desemba 1895 ilikwisha kuonyesha mota iliyokaa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Hata hivyo, wazo hilo lilisubiri karibu karne nzima kabla ya kupatikana betri za lithiamu, ambazo wepesi wake humwezesha mwenye baiskeli ya kawaida kuigeuza kuwa ya umeme bila kununua nyingine. Seti inayouzwa kwa kazi hiyo huwa na gurudumu lenye mota, betri, akselereta ya mkononi, sensa inayotambua kuwa pedali zinazungushwa, na kontrola, yaani kisanduku kinachoupokea umeme wa betri na kuupeleka kwenye mota kwa kiasi kinachotakiwa.

Galu, iliyo kusini mwa Diani katika Kaunti ya Kwale, inafaa kwa chombo hiki na wakati huohuo inakijaribu vikali. Barabara ya lami inayotoka Ukunda ni tambarare, lakini vijia vya kuingilia majumbani na kuelekea Kinondo vina mchanga na mawe ya matumbawe, na hewa yenyewe ina chumvi isiyopumzika mwaka mzima.

Ugumu wa kwanza humkabili fundi kabla hajagusa waya wowote. Seti nyingi hutengenezwa kwa baiskeli za kisasa, ambazo uma wa mbele una nafasi ya milimita 100 na fremu ya nyuma milimita 135, ilhali baiskeli nzito za kubebea mizigo, zile ziitwazo Black Mamba, zina uma mwembamba zaidi na breki za vyuma zinazobana rimu kutoka upande wa ndani. Fundi anayeutanua uma kwa nguvu ili gurudumu liingie huwa ameanza kuandaa ajali, maana mota inapolisukuma gurudumu mbele, ekseli nayo husukumwa kuzunguka upande wa pili, na isiposhikwa imara huchomoka mahali pake na kuzikata nyaya zinazopita ndani yake. Kinachoizuia ni bapa la chuma linalobana ekseli kwa upande mmoja na kufungwa kwenye uma kwa upande wa pili. Bapa hilo ni dogo, na mteja asiyejua kazi yake huliona kama gharama ya bure, lakini hakuna kifaa katika seti nzima ambacho kukiacha ni hatari zaidi. Kwenye uma wa alumini hatari huongezeka, kwa kuwa alumini hukatika ghafla pale ambapo chuma kingepinda kwanza.

Lalamiko linalozua ugomvi mwingi kuliko yote linahusu umbali: mteja aliambiwa kilomita 30, naye anasukuma baiskeli kwa miguu baada ya kilomita 15. Hesabu yake si ngumu. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina akiba ya wati-saa 360, na mwendeshaji anayekanyaga pedali kwenye lami bila mzigo hutumia takriban wati-saa 10 kwa kila kilomita, hivyo kilomita 30 hizo ni za kweli, ila ni za mtu huyo. Anayebeba mitungi minne ya lita 20, yaani kilo 80 za maji, akategemea akselereta peke yake na kupita mchangani, anaweza kutumia maradufu. Tena upepo wa kusi unapovuma, anayerudi Galu kutoka Ukunda huupokea kifuani, wakati betri imekwisha kupungua.

Hapo ndipo fundi mwema hutofautiana na muuzaji wa maneno. Badala ya kubishana, huijaza betri mbele ya mteja, huipima kwa mita, kisha huipima tena mota ikifanya kazi chini ya mzigo. Betri nzima ya aina hiyo husoma volti 42 ikiwa imejaa. Ikiporomoka hadi karibu volti 30 mara tu baiskeli inapoondoka, ubovu umo ndani ya betri na lalamiko ni la haki. Ikishuka polepole, betri ni nzima, na kilichokosewa ni ahadi. Chaja nayo iulizwe habari zake, kwa kuwa chaja ya ampea 2 huhitaji saa tano au zaidi kuijaza betri hiyo, na mteja anayeichomoa baada ya saa mbili huondoka na chini ya nusu ya akiba bila kujua.

Malalamiko mengine hutatuliwa kwa kutazama tu. Mota inayotetemeka bila kuzunguka mara nyingi imepoteza mguso katika waya mmoja kati ya tatu nene zitokazo kwenye kontrola. Mota iliyonyamaza kabisa huenda inazuiwa na swichi ya breki iliyokwama, ambayo kazi yake ni kukata umeme breki inapobanwa. Pwani, chanzo cha yote mawili huwa ni kutu ya kijani inayoota kwenye vichwa vya nyaya, nayo huzuiwa kwa grisi ya viungio vya umeme inayopakwa siku ya kufunga.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 humpa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, taarifa za kumwezesha kufaidika nazo, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Aidha, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa huangalia kama mnunuzi alimweleza muuzaji kazi aliyoikusudia, akautegemea ujuzi wake. Kwa hiyo, mteja aliyesema kuwa atabeba maji au madafu, akauziwa seti isiyoweza kazi hiyo, ana hoja nzito hata kama kila kifaa ni kizima. Kadi moja iliyoandikwa uzito wa mzigo, njia itakayopitwa, volti za betri siku ya makabidhiano na tarehe, ikatiwa sahihi na wote wawili, huzilinda pande zote, na ni ajabu kwamba mafundi wengi bado hukabidhi kazi kwa mdomo.

Kadi hiyo iandikwe pia siku ya kurudi, baada ya kilomita 100 hivi za mwanzo, kwa sababu spoki za gurudumu jipya hulegea zinapozoea uzito na nguvu ya mota, na nati za ekseli huhitaji kukazwa tena. Ukaguzi huo, usiochukua hata nusu saa, unapaswa kuhesabiwa ndani ya bei ya kufunga.