Msongo Mdogo au Msongo Hafifu?

Mkazi wa Mshangano, Songea, atakaye kuweka taa barazani na uani huchagua kati ya taa za "umeme mdogo" za volti 12 na za "umeme wa kawaida" za volti 230. Kwa mnunuzi maneno hayo yanatosha. Kwa fundi hayatoshi.

Katika lugha ya mafundi, njia ya kilovolti 220 iliyofika Songea kutoka Makambako mwaka 2018 ni ya msongo mkubwa. Zile za kilovolti 33 ni za msongo wa kati. Na nyaya za volti 230 ziingiazo nyumbani ni za msongo mdogo. Hivyo mtu aambiwapo kwamba waya wa uani ni wa "umeme mdogo" aweza kuushika, kumbe ni wa volti 230, nao huua.

Ndiyo maana tunapendekeza volti 12 ziitwe msongo hafifu. Wapo watakaosema kwamba hafifu huashiria ubovu. Sisi tunaona kwamba hapa huashiria udogo wa nguvu ya kusukuma mkondo. Udogo huo ni salama zaidi ua ulowapo mvua, lakini una gharama: taa ya wati 24 huvuta ampea 2, ilhali kwa volti 230 huvuta ampea 0.1 hivi. Waya mwembamba ukirefuka, taa ya mwisho hufifia. Basi baraza fupi lafaa msongo hafifu. Ua mpana, msongo mdogo, kwa kazi ya fundi mwenye leseni.

Hadi istilahi hii ikubaliwe, idadi ya volti na iandikwe daima.